Mwamba Kabla Haujaanguka: Mwongozo wa Zamu kwa Wachimbaji wa Dhahabu Magharibi mwa Kenya

Desemba 2021 shimo la dhahabu la Abimbo, kule Bondo katika kaunti ya Siaya, liliporomoka na kuwafunika wachimbaji waliokuwa ndani. Mashimo ya namna hiyo yako pia Ikolomani, Nyatike na sehemu nyingine nyingi za ukanda huu, na mengi huchimbwa kwa nyundo, tindo, winchi ya mkono na pampu moja ya maji. Mwongozo huu ni wa msimamizi wa zamu, mwenye shimo na mchimbaji mwenyewe. Vipimo vilivyomo ni vya kuanzia. Ardhi ikiwa mbovu ongeza tahadhari, na usipunguze hata kama mwamba unaonekana mzuri.

Kwa nini mwamba huanguka

Mita moja ya ujazo ya mwamba mgumu ina uzito wa karibu tani 2.7. Maana yake ni kwamba ukiwa mita 40 chini, kila mita moja ya mraba ya mwamba imebeba takribani tani 108 juu yake. Ukitoboa njia, uzito uliokuwa umebebwa na mwamba ulioutoa hauendi popote; unahamia kwenye kuta za pembeni na kwenye nguzo ulizoacha. Dari nayo inabaki bila cha kuishikilia isipokuwa msuguano wa jiwe na jiwe.

Kuna njia tatu za kuporomoka. Ya kwanza, jiwe lililokatwa na nyufa pande zote huteleza na kudondoka, mara nyingi bila sauti ya kutosha kumpa mtu nafasi. Ya pili ni ya tabaka la juu, lile la udongo mwekundu na mwamba uliooza: likilowa hulainika na kumiminika shimoni. Ya tatu ni mwamba mgumu uliobanwa kupita uwezo wake, ambao hupasuka ghafla na kurusha vipande kwa nguvu.

Hii ya tatu ndiyo adui mkubwa wa migodi ya makaa ya mawe yenye kina kirefu, kama ile ya Silesia nchini Poland na ya Uchina, na vilevile ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini inayoshuka kilomita kadhaa. Katika makaa, juu ya tabaka la makaa huwa kuna mwamba mnene wa mchanga usiokubali kuanguka upesi. Unabaki umening'inia nyuma ya wachimbaji, unapinda, unakusanya nguvu, kisha unavunjika mara moja na makaa yaliyobanwa chini yake yanarushwa njiani. Huko hutoboa mashimo mapana ndani ya makaa kabla ya kuyachimba ili kuyapunguzia mbano, huyapulizia maji yalainike, na hupima unga unaotoka kwenye tundu la keekee: tundu likitoa unga mwingi kuliko kawaida yake, makaa hapo yamebanwa na kazi husimama.

Kenya haijaanza kuchimba makaa ya mawe kibiashara, hata yale ya bonde la Mui kule Kitui. Na mashimo yetu ya dhahabu mengi hayana kina cha kuleta mipasuko mikubwa kiasi hicho. Lakini kanuni ni ileile: nguzo nyembamba ya kwatsi ngumu, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, ikibebeshwa mzigo wa dari pana hubanwa vivyo hivyo, hata kama kina ni mita 50 tu. Vipande vidogo vinavyoruka vyenyewe ukutani ni dalili ya mbano huo.

Mdomo wa shimo

Usianze kuchimba pahali kwa sababu tu jirani amepata. Pima kwanza. Katika ardhi laini, umbali kati ya shimo lako na la jirani usipungue kina cha tabaka hilo laini. Kama udongo na mwamba uliooza unafika mita 12, basi mita 12 ndiyo nafasi ya chini kabisa.

Inua mdomo wa shimo nusu mita hadi mita moja juu ya uso wa ardhi kwa magogo au mawe yaliyojengwa kwa simenti, kisha chimba mfereji upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yapite kando. Kifusi kitupwe mita 5 au zaidi kutoka ukingoni, upande wa chini. Lundo la kifusi lililo ukingoni lina madhara mawili: linasukuma ukuta wa shimo kwa uzito wake, na jiwe moja likibiringika humpata aliye chini. Jenereta na pampu ya petroli vikae juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo haupeleki moshi shimoni.

Kuimarisha shimo la kushukia

Sehemu laini yote lazima ivalishwe miti, tangu juu hadi utakapoingia mwamba mgumu kwa mita mbili kamili. Wengi husimamisha miti pale mwamba unapoanza kuonekana, na hapo ndipo ukuta unapomeguka, kwa kuwa mpaka wa udongo na mwamba ndio unaopitisha maji.

Weka kwanza magogo mawili mazito juu ya ardhi, kila moja likivuka ukingo kwa mita moja au zaidi kila upande. Hayo ndiyo yatakayobeba fremu zote. Fremu ya miti minne, iliyochongwa pembe ili ishikane, inakaa kila baada ya mita moja kwenda chini. Kati ya fremu na fremu simamisha miti minne pembeni, na ya juu ifungwe kwa ya chini kwa waya nene au kwa vyuma vya kukunja, isije fremu moja ikashuka peke yake. Mikaratusi iliyonyooka, iliyomenywa gamba na kukauka, yenye unene wa sentimita 15, inafaa. Nyuma ya fremu panga mbao za inchi 2, na nafasi yoyote iliyobaki kati ya mbao na ukuta ijazwe mawe na udongo ushindiliwe. Usiiache tupu. Ukuta ukipata nafasi ya kusogea hata kiganja kimoja, unaanza kupata mwendo, na kitu kizito kilicho katika mwendo hakizuiwi na mbao.

Kila zamu inaanza kwa kugonga dari

Ikiwa utashika hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Mwamba uliokuwa salama jana jioni haujaapa kubaki hivyo. Maji yamepita, baruti ya jirani imetikisa, mti umeinama kidogo usiku. Kwa hiyo hakuna anayeanza kuchimba kabla dari na kuta hazijagongwa, kuanzia chini ya shimo la kushukia hadi mbele ya kazi, yaani ukuta unaochimbwa.

Wanakwenda watu wawili. Mmoja anashika mtaimbo, wa pili anamulika na kutazama dari. Wengine wanasubiri nyuma. Mtaimbo uwe na urefu wa mita 1.8 hadi 2.4 na ncha bapa upande mmoja. Kwenye njia fupi na nyembamba tumia wa mita 1.5. Mtaimbo mfupi kuliko huo humlazimu mtu asimame chini ya jiwe analoliangusha.

1. Simama pahali palipokwisha kukaguliwa au penye miti. Tazama nyuma yako: njia ya kurudi iwe wazi, bila kamba, ndoo wala mawe ya kujikwaa.

2. Gonga mbele yako ukiwa umeweka kiganja cha mkono wa pili juu ya mwamba, kama unaufikia. Mwamba mzima hutoa sauti kali na safi, na mtaimbo hudunda. Mwamba uliotengana na wenzake hutoa sauti nzito ya uwazi, na kiganja husikia mtetemo. Pagonge mara tatu mahali pa mashaka, kutoka pande mbili.

3. Jiwe lililolegea liangushwe mara moja. Mtaimbo ushikwe ubavuni, kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi, mwisho wake ukiwa kando ya mwili. Usiuelekeze tumboni wala kifuani, kwa sababu jiwe likidondoka juu yake humsukuma aliyeushika. Anza na sehemu iliyo karibu na wewe kwenda mbele, na kutoka mwamba mzuri kuelekea mbaya.

4. Jiwe likikataa kushuka ilhali sauti yake ni ya uwazi, usilipigie nyundo ukiwa chini yake. Weka mti wa kulishikilia, au funga eneo kwa kamba na alama, kisha mwite msimamizi.

5. Baada ya kuangusha, gonga tena. Jiwe moja likiondoka, jirani zake waliokuwa wakiegemea hulegea.

6. Msimamizi aandike kwenye daftari: saa, nani amegonga, wapi paliangushwa, wapi panahitaji mti. Daftari likae juu, kwa mlinzi wa mdomo.

Mchanga mwembamba unaochuruzika kutoka ufa mmoja, hata kidogo kama chumvi, uchukuliwe kuwa jiwe lililo katika mwendo. Usiguse. Toka, subiri, kisha rudi ukague ukiwa mbali.

Katika mwamba wa Kakamega na Migori angalia zaidi mahali mshipa wa kwatsi unapokutana na mwamba wa pembeni. Mara nyingi hapo kuna utando wa udongo laini, wa kijivu au mweusi, unaoteleza ukilowa. Mshipa ukilala kwa mwinamo, ukuta wa upande wa juu ndio unaodondoka. Kwa hiyo nguvu kubwa ya ukaguzi na miti ielekezwe huko.

Miti ya ndani ya njia

Njia iwe nyembamba. Upana wa mita 1.2 hadi 1.5 unatosha mtu na ndoo, na dari ya upinde hubeba uzito kuliko dari bapa. Kila ukiongeza upana ili kufuata dhahabu ya pembeni, unaongeza uzito kwa dari isiyo na msaada, na hakuna mti wa kawaida unaoweza kufidia hilo kabisa.

Mti wa kusimamisha ukae juu ya mwamba, kamwe usikae juu ya kifusi. Ukilazimika, fukua kifusi hadi ufike mwamba, au weka ubao mnene chini yake. Juu ya mti weka kipande cha ubao chenye urefu wa nusu mita, kisha kaza kwa kabari mbili zinazopishana, ukizigonga kutoka pande mbili hadi mti utoe sauti ya kukazika. Mti usiokazwa haubebi chochote hadi dari imeshaanza kushuka. Katika mwamba wenye nyufa nyingi nafasi kati ya mti na mti isizidi mita moja, na mti wa mwisho usiwe mbali na mbele ya kazi kwa zaidi ya mita moja na nusu.

Mti una faida moja ambayo chuma hakina: hulia kabla ya kuvunjika. Ukisikia mlio wa nyuzi za mti zikikatika, au ukiona kabari zimesagika na ubao wa juu umemezwa na mti, dari inashuka. Kagua miti kila wiki kwa kuchoma kisu: kisu kikizama zaidi ya sentimita moja kwa urahisi, mti umeoza. Mti mpya huwekwa kando ya ule mbovu na kukazwa kwanza, ndipo wa zamani uondolewe, na mara nyingi ni heri ubaki hapohapo.

Nguzo za mwamba haziguswi

Dhahabu ikibaki ndani ya nguzo, kishawishi huwa kikubwa sana, hasa siku ambazo mshipa umekatika na watu hawajalipwa. Tunasema waziwazi: nguzo ikishaamuliwa kuwa nguzo, dhahabu yake ni mali ya dari. Upana wake usipungue kimo chake. Kwenye mwamba wenye nyufa uwe mara mbili ya kimo. Nguzo yenye kimo cha mita 2 na upana wa nusu mita ni jiwe linalosubiri kupasuka. Nguzo ikianza kumenyeka maganda pembeni na kuwa nyembamba kiunoni, mzigo umeizidi. Njia hiyo ifungwe, na pasiwe na wa kurudi kuokota maganda yaliyoanguka.

Jambo linalosahauliwa ni jirani. Njia za mashimo mawili zikipita moja juu ya nyingine, sakafu ya huyu ni dari ya yule. Kila wiki pimeni urefu wa njia kwa utepe na mwelekeo kwa dira, mchore kwenye karatasi, na wenye mashimo wakutane na michoro yao. Kamati ya wachimbaji ikae na nakala. Karibu na migodi ya zamani, kama Rosterman huko Kakamega uliofungwa miaka ya 1950 na Macalder huko Migori uliofungwa miaka ya 1960, toboeni mbele tundu jembamba la mita 2 au 3 kabla ya kuendelea. Njia za zamani hujaa maji, na mwamba uliobaki katikati ukiwa mwembamba hupasuliwa na maji hayo.

Kuupima ufa

Ufa hauogopwi kwa kuonekana kwake; unaogopwa kwa kusogea. Chomeka kabari ndogo ya mti mkavu ndani ya ufa wa dari, uikaze kwa kidole tu. Ikidondoka yenyewe, ufa umepanuka. Ukutani na ardhini kuzunguka mdomo wa shimo, piga misumari miwili pande mbili za ufa, pima umbali kati yake asubuhi na jioni, na uandike kwa milimita. Au paka bamba dogo la simenti na mchanga juu ya ufa, upana wa kiganja, uandike tarehe. Likikatika, ardhi imesogea. Nyufa za duara zinazouzunguka mdomo wa shimo ni amri ya kuwatoa watu wote, hata kama misumari haijaonyesha kitu.

Baada ya mvua, na baada ya baruti

Mvua ndefu za Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba ndizo zinazojaribu kazi yote iliyotangulia. Maji huongeza uzito wa udongo, husukuma kuta kutoka nyuma, na huosha udongo uliokuwa ukishikilia mawe. Mvua kubwa ikinyesha watu watoke. Kushuka tena kusubiri maji yapungue na ukaguzi kamili ufanywe, kuanzia nyufa za juu. Kuwa mwangalifu pia na pampu: maji yaliyojaa shimoni yalikuwa yakisaidia kuzisukuma kuta, na ukiyavuta upesi mno kuta hubaki zimelowa bila msaada. Vuta kwa awamu, ukikagua kila mita chache.

Baruti ni kazi ya mlipuaji mwenye leseni, chini ya Sheria ya Vilipuzi. Mashimo jirani yakubaliane saa moja ya kulipua, na kila shimo liwe tupu. Baada ya mlipuko subirini dakika 30 au zaidi, pulizeni hewa, halafu wa kwanza kushuka wawe mlipuaji na mgongaji dari. Wabeba mawe wanafuata mwisho. Baruti ambayo haikulipuka haiguswi na mtu yeyote isipokuwa mlipuaji.

Kuhusu hewa, fupi: mshumaa ukizimika oksijeni imepungua, lakini mshumaa unaowaka vizuri hautakuonyesha gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi wa injini ya petroli, ambayo yenyewe haina harufu. Injini ya mafuta haishuki shimoni kwa sababu yoyote. Kifaa cha kupima gesi kikisoma oksijeni chini ya 19.5%, hakuna kushuka.

Dalili za kutoka bila kuuliza

Tokeni mara moja, mkiacha vifaa, mkisikia milio ya kupasuka ndani ya mwamba inayokaribiana, vipande vikiruka ukutani bila kugongwa, miti ikilia, sakafu ikivimba, maji yakianza kutoka mahali palipokuwa pakavu, au maji safi yakigeuka tope, tindo au keekee ikibanwa tunduni ghafla. Milio ikikoma msirudi papo hapo. Kimya kinaweza kumaanisha mwamba umetulia, na pia kinaweza kumaanisha unakusanya nguvu upya. Subirini hadi zamu nyingine, kisha mkague.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlinda mfanyakazi aliyeondoka mahali anapoamini kwa sababu za msingi kuwa pana hatari kubwa ya papo kwa papo: hafukuzwi kwa hilo, wala halazimishwi kurudi hatari ikiwa bado ipo. Mwenye shimo aisome sehemu hiyo kwa sauti mbele ya wafanyakazi wake, na ibandikwe penye kivuli cha mapumziko.

Likianguka

Maandalizi yanafanywa kabla. Kila anayeshuka aache kibati chenye namba yake kwenye ubao wa mdomoni, akichukue akipanda. Mlinzi wa mdomo haondoki. Ishara za kamba ziandikwe ubaoni na kila mtu azijue, kwa mfano mvuto mmoja simama, miwili shusha, mitatu pandisha, mitano mfululizo hatari.

Shimo likiporomoka, hesabu vibati na mjue waliobaki ni nani na walikuwa njia ipi. Zimeni mashine zote, mnyamaze, mgonge bomba au mwamba mara tano, kisha msikilize kwa dakika nzima. Rudieni. Pigeni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Waondoeni watu na magari ukingoni, maana uzito wao na mtikisiko huangusha kilichobaki. Kama bomba la hewa la kompresa bado linafika chini, endeleeni kupuliza hewa, na hakikisheni kompresa haivuti moshi wake yenyewe. Pampu ya maji ya umeme isizimwe kwa muda mrefu ikiwa shimo hujaa haraka.

Wasishuke waokoaji kabla dari iliyobaki haijagongwa na kuwekewa miti, hatua kwa hatua, wakiwa wachache na wamefungwa kamba. Inauma kusubiri huku ndugu yako akiwa chini, lakini mwamba uliofunika wa kwanza bado umelegea.

Aliyebanwa na mawe miguu au kiuno aandikiwe saa aliyobanwa na saa aliyotolewa, na wahudumu wa afya waitwe tangu mwanzo. Misuli iliyobanwa kwa muda hutoa sumu kwenye damu mara inapoachiliwa, na moyo au figo vinaweza kushindwa saa kadhaa baadaye, hata kama amesimama na kusema yuko sawa. Apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu akiwa amelala kwenye machela, shingo ikiwa imeshikiliwa isigeuke, na karatasi yenye saa hizo ifungwe mkononi mwake.

Vibati visitolewe ubaoni hadi kila jina lihesabiwe, na shimo lisifunguliwe tena kabla ya mkaguzi wa migodi kulikagua na kutoa ruhusa kwa maandishi.